Nilivyopima Safari ya London kwa Kamba ya Mkonge

Jamani, hii nitawasimulia mara moja tu, na kama mtacheka basi wekeni vikombe chini kwanza, kwa maana sitaki mtu apaliwe na chai yangu halafu niambiwe nimeua. Mmewahi kuwasikia wazee wa hapa Githongo wakinipita njiani wakisema "Habari, Saa Kumi na Mbili," kisha wanatazama pembeni mabega yakiwatikisika? Mlidhani ni kwa sababu nilikuwa mwalimu wa kuamka mapema. Wapi! Ni aibu hiyo, aibu ya mchana kweupe, ya kuzama mpaka magotini kwenye shimo la taka mbele ya wanafunzi wangu, na yote yalianza kwa sababu nilishindwa kutamka neno moja dogo ambalo hata mtoto anayejifunza kuongea analijua, neno lenyewe ni "sijui".

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Mimi nilikuwa msichana wa Ishiara, kule chini kwenye joto na mtama na mbuzi, nimesoma kwa wamisheni nikapata kazi ya kufundisha darasa la tatu huku juu. Siku hizo hukuamka tu ukasema leo nakwenda Meru. Ulitembea na pasi, na pasi yangu ilisema ninakaa Githongo kwa ajili ya kazi na kwa idhini ya hedimani, mkuu wa kijiji, kwa hiyo hedimani akiamka na kichwa kinamuuma akaamua hanitaki, pasi imekwisha, napandishwa lori, narudi kwa mbuzi. Na sikutaka kurudi hata kidogo, kwa sababu hapo Githongo kulikuwa na Mutuma.

Mutuma alikuwa mwalimu mwenzangu, mrefu, mpole, mtu wa kucheka bila kufungua mdomo. Tulikuwa tumekubaliana, na wazee wa kwao walikuwa wameshapeleka pombe ya asali ya posa kwetu na wazee wetu wakaipokea (kwa pasi za siku mbili, walikunywa haraka haraka kama watu wanaofukuzwa), lakini mama yake alikuwa bado hajanikubali moyoni. Mama Mutuma alikuwa mjane na huyo ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Kila nikienda kumsalimu alikuwa ananitazama mikono. "Hii mikono ya chaki, mwari," alikuwa akiniambia (mwari kwao ni binti), "itabeba mtungi kweli?" Alisema kwa sauti ya upole kabisa, na ndiyo maana iliniuma.

Basi wamisheni wakamchagua Mutuma akasome ualimu zaidi Uingereza, na akaambiwa ataenda kwa ndege. Nyinyi mnasikia ndege mnaona kawaida. Sisi ndege tuliyoijua ni ile inayopita asubuhi kuelekea mlimani kuangusha mabomu msituni, masufuria yanatetemeka na kuku wanakimbilia chini ya kitanda. Sasa mwambie mama mzazi kwamba mwanawe ataingia ndani ya kitu kama hicho na mlango ufungwe.

Jumapili, tukitoka kanisani, wanawake wote wamesimama pale nje wakirekebisha vitambaa vyao vya kichwa, akanigeukia.

"Mwari, wewe umesoma," akasema. "Hiyo ndege ikitoka Nairobi, itamfikisha mtoto wangu London baada ya muda gani?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Nani angenilaumu? Sikuwa nimewahi kukaribia uwanja wa ndege, London niliijua kwenye ramani, na ndege niliziona matumbo tu. Lakini wanawake walikuwa wananitazama, na Mama Mutuma macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye mikono yangu, nami nikajisikia nikisema kwa sauti ya darasani, "Hilo ni jambo la hesabu tu, Mama. Kesho nitakuletea jibu."

Sasa niwaambie kwa nini alitaka kujua, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua uzito wake (kwetu Ishiara mtu akisafiri tunamwombea, tunamfungia chakula, basi). Katika nyumba ya Mama Mutuma mtu akiwa safarini moto wake hauzimwi. Moto unawaka mekoni mchana na usiku, jirani haazimi kaa la moto hata akilia, na sakafu haifagiliwi, mpaka ijulikane msafiri amefika na ameketi. Ukizima moto yuko njiani, umemwachia giza. Ukifagia, umemfagia na yeye. Na safari zote za ukoo huo zilikuwa na kipimo chake: kwenda Embu, kwenda Kianjai sokoni, kushuka Ishiara kununua mbuzi, kila moja alijua akikadiria jua lilipo kwamba sasa wamefika, naweza kushika ufagio. Ila London hakuwa na kipimo chake. Alikuwa ananiomba mimi nimpe.

Shida ya pili ilikuwa amri. Tulikuwa tumekusanywa kwenye kile kijiji cha imajensi, cha hiyo Hali ya Hatari, nyumba zimebanana, handaki limezunguka, na jioni firimbi ya homugadi, askari wa kulinda kijiji, ikilia milango inafungwa na moto wote unazimwa, ili watu wa msituni wasije kupikiwa. Kwa hiyo huyu mama alihitaji ruhusa ya hedimani, na hedimani angeuliza mpaka saa ngapi. Mnaona kamba inavyonizunguka shingoni?

Basi Jumatatu nikaingia kazini. Kwenye ukuta wa darasa kulikuwa na ramani ya dunia. Nikachukua kamba ya mkonge, nikabana mwisho mmoja kwa kidole gumba pale Nairobi, nikaivuta juu ya Sudani, juu ya jangwa, juu ya bahari, mpaka London, nikakata. Nikailaza kwenye kile kipimo kidogo cha maili pembeni ya ramani, nikapata maili elfu nne na ushei. Upande mmoja wa hesabu tayari. Sasa mbio. Mbio za ndege nitazitoa wapi? Nikaazima saa ya mkono ya mwalimu mkuu, nikasimama kwenye mgongo wa kilima nikisubiri ndege ya mabomu, na iliporudi kutoka mlimani nikaipima tangu ilipokuwa juu ya kichwa changu mpaka ilipozama upande wa Kianjai. Maili za kufika Kianjai nilikuwa nimemuuliza Kirimi, dereva wa lori la misheni. (Barabara ya Kirimi ilizunguka kila kilima na kila mto, ndege ilipita moja kwa moja, lakini hilo halikunijia kichwani, niliona nimepata maili na nimepata dakika, nikamshukuru Mungu.) Nikagawanya. Jibu likatoka limenyooka vizuri ajabu, saa kumi na mbili. Akipaa saa moja asubuhi, saa moja jioni yuko London anakunywa chai.

Sikuridhika kumnong'oneza Mama Mutuma. La, mimi nilienda na ile kamba mpaka mtoni walipokuwa wanachota maji, nikaieleza mbele ya wote, na wanawake wakaipokezana mkononi mmoja baada ya mwingine. Mama Mutuma aliishika muda mrefu.

"Anaenda urefu huu wote?" akauliza.

"Na kwa siku moja, Mama. Jua litazama akiwa ameketi."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakutazama mikono. Nilijiona nimeshaolewa.

Kwa hedimani tulienda pamoja. Alikuwa mzee mmoja anaitwa M'Ikiara, mtu mfupi mwenye koti la jeshi linalomfika magotini, na hakupenda kuombwa.

"Moto baada ya firimbi? Haiwezekani," akasema. "Leo nyumba hii, kesho kila mtu iko na msafiri."

"Ni mpaka saa moja tu, mzee," nikasema. "Nimepima."

"Na ikifika saa moja, mniambie bado kidogo?"

Mama Mutuma alinivuta nguo nyuma, nadhani alitaka tuombe usiku mzima, au siku mbili, lakini mimi nilikuwa nimeshawaka. "Mzee," nikasema, "ikipita saa moja na moto bado uko, chukua pasi yangu."

M'Ikiara akatabasamu, na hakuwa mtu wa kutabasamu bure. "Sawa, mwalimu. Nimesikia. Wote wamesikia."

Mutuma akaondoka na lori la Kirimi siku moja kabla ya ndege. Tulilia kidogo, tukaimba, mama yake akamtemea mate ya baraka viganjani, naye akatuambia atapeleka telegramu mara tu akifika. Usiku huo alilala Nairobi, amefika na ameketi, kwa hiyo moto ulikokwa alfajiri iliyofuata. Siku hiyo ya ndege nilifundisha kutwa nzima nikitazama jua, na nikawaambia watoto sasa mwalimu Mutuma yuko Sudani, sasa yuko jangwani, sasa anaona bahari (walipiga makofi kwa kila nchi), na madarasa yakiisha nikaenda nyumbani kwa Mama Mutuma. Alikuwa ameketi mbele ya meko tangu asubuhi, sakafu imejaa maganda ya maharage ya njahi na manyoya ya kuku. Firimbi ikalia, milango ikafungwa kijiji kizima, sisi tukabaki na mwanga wetu.

Saa moja ilipofika, Gitonga wa homugadi akasimama mlangoni na bunduki yake. Hata hakumtazama Mama Mutuma.

"Mwalimu, saa imefika," akaniambia mimi.

Mama Mutuma akatazama moto. Akamtazama Gitonga. Kisha akanitazama usoni, kwa muda, na sijui aliona nini kwa sababu ghafla nilikuwa na wazo kwamba kamba ni kamba tu. Lakini nikasema, "Ndiyo, Mama. Amefika." Sauti ilitoka nyembamba.

Hakuuliza tena. Akamwaga maji, moshi ukajaa nyumba, akachukua ufagio akafagia tangu ukutani mpaka kizingitini, mbele ya miguu ya Gitonga. Gitonga akaenda zake. Mimi nililala hapo hapo kwake, na msiniulize kama nilipata usingizi, nililala kama gogo, mwalimu aliyefaulu.

Kirimi alirudi na lori siku iliyofuata, jioni. Tulimkimbilia tumuulize habari za uwanjani.

"Wacha tu!" akasema, akijipangusa vumbi. "Hiyo ndege ilitusumbua. Mara wanafungua injini, mara wanafunga. Sisi tumekaa kwa jua mpaka njaa imetumaliza. Imeruka jua likiwa utosini."

Watu wakacheka. Mimi vidole vyangu vilikuwa vinahesabu nyuma ya mgongo, vyenyewe, sikuvituma. Hata kwa hesabu yangu mwenyewe, ile iliyonyooka, Mama Mutuma alipomwaga maji mekoni mwanawe alikuwa bado hewani juu ya jangwa. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amebeba kibuyu cha uji wa Kirimi, akakiweka chini taratibu, akaingia ndani akafunga mlango. Angenitukana ningeshukuru.

Tukasubiri telegramu. Siku ikapita, nyingine ikapita, hakuna. Mama Mutuma akaacha kula, anakunywa maji tu, ameketi mbele ya meko yasiyo na moto, kwa sababu alisema ataukoka wa nini, ule wa Mutuma ulishazimwa. Na kijiji cha watu waliobanana hivyo, habari haitembei, imeshafika. Nikipita nilisikia, "Huyu ndiye wa Ishiara. Amemfagilia mama wa watu mtoto." Darasani watoto wakawa wananitazama kwa huruma, na mwalimu akihurumiwa na darasa la tatu ajue amekwisha. Mimi usiku nilikuwa namwona Mutuma anaanguka. Nilimpenda yule mtu, niwaambie ukweli, na nilikuwa naogopa mpaka meno.

Ndipo jirani mmoja, Mama Kaburu, mjuzi wa mambo ya zamani, akaniita kando.

"Aliyefagiliwa anaweza kurudishwa," akasema. "Unarudisha takataka ya siku hiyo, yote, ndani ya ile nyumba. Lakini kabla haijachomwa. Na shimo linachomwa leo."

Shimo la taka la kijiji lilikuwa karibu na handaki, kubwa, takataka za nyumba zote, na Jumamosi hiyo watu wote walikuwa pale kwa kazi ya lazima, wanawake na majembe, watoto wa shule na fagio, homugadi wakisimamia. Nami nilikuwa nimevaa gauni langu jeupe, kwa sababu nilikuwa natoka mazoezi ya kwaya. Mwenye akili angeenda kubadilisha kwanza. Mimi niliona mtu ameshika kibiriti. Nikavua viatu, nikajifunga kikapu cha kiondo begani, nikateremka.

Nyinyi hamjui takataka ya watu mia kadhaa. Nilikuwa natafuta maganda ya njahi na manyoya ya kuku mweupe, hayo ndiyo ya nyumba ya Mama Mutuma, nikiyaona natia kwenye kiondo, na maganda ya ndizi sitaki, na majivu ya wengine sitaki, nimeinama nachambua kama mtu anayechambua mchele wa harusi, na juu majembe yote yamesimama. Kisha mguu ukateleza. Nikaketi. Kitu nilichokikalia sitakitaja tukiwa tunakunywa chai. Akasikika mtoto mmoja wa darasa langu akisema kwa adabu kubwa, "Mwalimu amekaa," na hapo watu wote wakaangua kicheko kwa pamoja.

Gitonga akaja ukingoni na bunduki. Kwake mtu anayechimbua taka karibu na handaki alikuwa anatafuta risasi zilizofichwa, au barua ya msituni.

"Unatafuta nini hapo?" akafoka.

Na mimi, kwa woga na uvundo na machozi, nikamjibu ukweli mtupu. "Ninamtafuta mchumba wangu."

Alinipandisha kwa mtutu wa bunduki. Tukaenda mpaka kituo cha homugadi, mimi mbele nimejipaka kila kitu mpaka kwenye nywele, kiondo mkononi (sikukiacha, hata angenipiga), na nyuma yetu kijiji kizima wamesahau kazi ya lazima. Na bahati yangu ilivyo, siku hiyo Dii-Oo, yule bwana mzungu wa wilaya, alikuwa amekuja ukaguzi. Ameketi mezani, M'Ikiara amesimama kando na koti lake. Gitonga akamwaga kiondo changu juu ya meza ile, njahi, manyoya, vumbi, na kinyonga mmoja mdogo ambaye hata mimi sikujua nimembeba. Kinyonga akaanza kutembea kuelekea kofia ya Dii-Oo.

"Wewe natafuta nini kwa taka-taka?" mzungu akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili na Kiingereza changu cha shule vimechanganyika, ramani, kamba, ndege ya mabomu, barabara ya Kianjai, saa kumi na mbili, moto, ufagio. M'Ikiara alikuwa ananitazama kwa jicho la kuchukua pasi. Yule mzungu mwanzo alikunja uso, kisha sharubu zake zikaanza kucheza, kisha akaweka kichwa juu ya mikono yake mezani, karibu na kinyonga, akacheka mpaka Gitonga akasogea nyuma. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona akicheka.

"Hapana saa kumi na mbili!" akasema alipopata pumzi. "Ndege hapana kwenda moja kwa moja. Mimi nakuja na ndege kama hii. Nasimama Entebe, nakunywa petroli. Nasimama Khartoum, nalala kwa hoteli. Asubuhi nakwenda tena, nafika Malta, nalala tena. Siku tatu! Na saa ya London iko nyuma, hapana kama saa ya hapa."

Jamani. Wanalala! Mimi nilimpeleka Mutuma angani bila kumpa hata nafasi ya kwenda haja. Nikashika ukingo wa meza.

"Jina lake nani?" akauliza. Nikamwambia. Akamwita askari wa redio azungumze na boma la serikali huko Meru, na tukakaa tukisikia ile redio ikikwaruza na kupiga mluzi, kijiji kizima kimejazana mlangoni, hakuna anayecheka sasa, hata M'Ikiara amesogea. Kila telegramu ya ng'ambo ilikuwa inasomwa bomani kwanza, kabla mwenyewe hajaiona, kujua kama ina neno baya. Sauti ikarudi. Askari akasikiliza, akatutafsiria kwa sauti kubwa, "Iko hapa tangu jana. Inasema, Nimefika salama. Baridi ni kali. Mutuma."

Sijui kilio gani nilitoa. Nilimkumbatia mtu, na baadaye niliambiwa ni M'Ikiara, na kwamba lile koti halikuwahi kutakata tena. Pengine ndiyo maana hakukumbuka habari ya pasi, alikuwa anajipangusa.

Nikakimbia. Watu wakinipigia kelele na vigelegele, nikakimbia na lile gauni mpaka kwa Mama Mutuma, yeye hakuwa ametoka nje, hakujua chochote. Aliponiona nimesimama mlangoni nimechafuka namna ile, nikilia, alidhani nimeleta habari ile nyingine. Akasimama, mkono umeshika ukuta.

"Amefika!" nikasema haraka. "Mama, amefika, ameandika, anasema ni baridi!"

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaniambia niseme mara ya tatu, na safari hii akaniangalia mdomo, kisha akaketi chini pale pale, akafunika uso kwa kanga, na mabega yakamtetemeka muda mrefu. Alipofunua uso akaomba uji. Nikajua tumepona.

Nikamkokea moto, nikamkorogea uji, yeye akinitazama tu, na nilipompa kibuyu nikapiga magoti. Nikamwambia Mama nisamehe, mimi nilikudanganya, sikujua lolote, nilitaka tu unione nina akili, na wewe kwa kuniamini umezima moto wa mtoto wako.

Akanywa kidogo. Akapuliza. "Nani amekuambia nilikuamini?" akasema.

Nikainua kichwa.

"Mwari, mimi nimezaa. Mimi nilijua hajafika. Kamba inaweza kujua nini?" Akaweka kibuyu chini. "Lakini yule wa bunduki alikuwa mlangoni, na uso wako ulikuwa umekufa. Ningesema bado kidogo, wangechukua karatasi yako usiku huo. Nilikuwa na watoto wawili safarini, mmoja huko juu na mmoja hapa mlangoni. Huyo wa juu singemfikia. Nikamshika huyu."

Nililia tena, kilio kingine kabisa, yeye akasema ninanuka na niende nikaoge kabla sijamtia kichefuchefu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mutuma alikaa huko miaka, akarudi, akanioa, na kwenye harusi yetu yule mtoto wa "Mwalimu amekaa" alirudia maneno yake mbele ya wageni wote. Lakini tangu siku hiyo mdomo huu haujampimia mtu safari. Juzi mjukuu wangu ameniuliza mjomba wake aliyepanda ndege atafika saa ngapi, na yeye ana simu mkononi inayojua kila kitu. Nikamwambia sijui, mtoto wangu, sijui kabisa, njoo ukae hapa karibu na mimi tumngojee.